Kukimbia Ndani ya Sauti ya Debe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia msumeno unakata mti mbichi inanirudia yote, pamoja na harufu yake. Nitakusimulia. Lakini kwanza weka huo mfuko chini. Nimekwisha kuuona, na kilichomo nimekwisha kukiona. Unatoka Sombetini Jumapili na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, unapanda mpaka huku mlimani, unaniamkia vizuri, "Shikamoo mama mkubwa," unakula loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando unamaliza bakuli, halafu unanipa viatu vyako vya mbio na kuniambia, "Mpe binti yeyote wa kwaya, mimi mbio zimenishinda." Na machozi juu. Hapana, Neema. Sivipokei, wala sivikatai. Kaa hapo kwenye benchi. Watoto wamelala, na usingizi wa mtoto ni mali, tuutumie.

Najua kilichokupata, hata kama umesema nusu. Kabla ya hawa watoto ulikuwa ukikimbia na wenzako wa klabu, mnatoka alfajiri mnafika Engutoto na kurudi kabla watu hawajanywa chai. Nilikuwa nakusifu hapa kijijini mpaka watu wakanichoka. Sasa mkubwa ana miaka mitatu, mdogo meno hayajatimia, na wewe bado unataka kukimbia zile zile mbio za msichana asiye na wa kumwita mama. Saa yako ya mkononi inakuambia umechelewa. Wenzako wanatuma picha kwenye kundi la simu, wamekumbatiana, wanacheka. Na jana ulimwacha mdogo kwa jirani, ukarudi ukamkuta amelia mpaka sauti imekauka. Ukaamua viatu vitoke nyumbani kwako. Hasira hasara, mwanangu. Mimi hasara hiyo naijua, niliikata kwa mikono yangu mwenyewe.

Unaona ile picha ya sebuleni, yule msichana mwembamba mwenye magoti kama vifundo vya muwa? Usicheke, ni mimi. Enzi hizo nilikuwa nashuka kutoka huku mlimani na giza, nakutana na vijana wenzangu kule barabarani Tengeru, tunaikamata barabara ya Moshi mpaka Usa River na kurudi. Baridi ya mlima huu unaijua, lakini sisi tulikuwa tunarudi tumelowa jasho, tunanunuliana miwa. Viatu vyangu vilikuwa vya mtumba, kimoja kilinibana na kingine kilinipwaya, na bado wavulana walikuwa wakinifuata nyuma. Mwalimu wetu wa mbio, mzee mmoja mkali asiyejua kusifu, aliniambia kwamba nikiendelea vile, mwaka unaofuata atanipeleka kwenye mashindano makubwa ya Moshi, na nikifanya vizuri kule nitachukuliwa kambini. Kambini, Neema! Wakati huo neno hilo kwangu lilikuwa tamu kuliko asali ya nyuki wadogo.

Kisha nikaolewa hapa, nikapata mimba, nikamzaa kaka yako Baraka. Ndiyo, huyo huyo mwenye kitambi.

Nilikaa uzazini miezi mitatu, kama desturi yetu ilivyo. Mama mkwe wangu, Bibi Ndeshi, alinilea kama yai. Sikushika jembe, sikubeba maji. Asubuhi mtori, mchana loshoro, jioni supu, na katikati maziwa. Nikinyanyuka tu kwenda kuchungulia nje, anauliza, "Unatafuta nini huko? Dunia ipo, haijahama." Mwili wangu ulikuwa unapona lakini moyo ulikuwa barabarani. Nilihesabu siku za kutoka nje kama mfungwa, na nilipotolewa, watu wakala, wakaimba, wakanipa kanga, kesho yake nikashuka Tengeru na viatu vyangu.

Sikupunguza kitu. Hilo ndilo nataka ulisikie. Nilirudi kwenye mbio zile zile, umbali ule ule, kana kwamba katikati hapakupita mtu. Nilijifunga kanga kifuani iwe ngumu kama gunia, maana maziwa yalikuwa yanatoka njiani, yanalowesha nguo mpaka wavulana wanageuza macho kwa aibu. Nilikuwa nakimbia tumbo tupu, narudi sina hamu ya kula, nanyonyesha nikiwa nasinzia. Bibi Ndeshi alikuwa ananiangalia tu, na siku nyingine alinipokea mlangoni na bakuli la mtori, nami nasema, "Nitakula baadaye, mama." Baadaye yenyewe haikuwa inafika. Maziwa yakaanza kupungua. Baraka, ambaye alikuwa amenona kama ndama, akaanza kulegea mashavu. Kliniki nesi alimweka kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena, akaniangalia. Nilijua anachofikiri. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa, na bado kesho yake nikaenda kukimbia.

Mtaka yote hukosa yote. Palikuwa na mbio za majaribio mjini, ndizo za kuchagua watakaokwenda Moshi. Nilianza vizuri. Tulipoanza kupanda mlima miguu ikagoma, Neema. Si kwamba ilichoka, iligoma kabisa, kama punda aliyeona daraja. Nikakaa kando ya mtaro. Wasichana niliokuwa nikiwaacha mbali wakanipita mmoja mmoja, na mmoja wao, Mungu ambariki, alinigeukia akasema, "Pole dada." Hiyo pole iliniuma kuliko kama ningetukanwa.

Nikarudi nyumbani jioni. Baraka alikuwa amekataa maziwa ya ng'ombe kutwa nzima, amelia, amechoka kulia, amelala kwa kwikwi. Na mume wangu, marehemu baba yenu mkubwa Eliamani, mtu mwema lakini ulimi wake ulikuwa ukitangulia akili, akaniambia, "Si nilisema? Mbio zako zimekwisha. Sasa wewe ni mama." Nikachukua viatu nikavitupa chooni.

Ndiyo, chooni. Wewe umeleta vyako kwenye mfuko, umevipiga na brashi. Umenizidi adabu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo siku yenyewe ilipo. Kesho yake asubuhi ilikuwa zamu yangu ya shamba. Kahawa yetu ya mistari ile ya chini, karibu na mfereji, ilikuwa imezeeka. Wewe ni mtoto wa mjini, ngoja nikueleze. Kahawa ikizeeka inakuwa ndefu, imekonda, matunda yanakuwa machache tena yako juu kabisa. Basi mvuno ukiisha, kabla mvua kubwa hazijaanza, unakata mashina yake chini, usawa wa goti, ili ichipue upya. Lakini hukati yote. Unaacha shina moja na majani yake. Huku tunaliita shina la kupumulia. Hilo halikuletei kahawa ya maana, kazi yake ni kuilisha mizizi mpaka machipukizi yatoke. Kila mtoto wa mlima huu analijua hilo kabla hajajua kusoma. Na mimi nilikuwa nalijua. Bibi Ndeshi alinipa msumeno, akasema tu, "Mistari miwili ile. Unajua cha kuacha."

Nilikata yote.

Sikusahau. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka kwenye meno. Kila shina nililolikata nilikuwa nasema moyoni, basi, basi, imekwisha, imekwisha. Nikifika kwenye lile la kupumulia nalikata nalo. Nilifika mwisho wa mstari wa kwanza nikaanza wa pili. Jasho linatoka, machozi yanatoka, pua inatoka. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye njia ya migomba, ameshika birika la chai, Baraka yuko mgongoni kwake amelala.

Aliangalia visiki. Alitembea kutoka kimoja hadi kingine, anakigusa kichwani kwa kiganja kama anayepima homa. Mimi nimesimama na msumeno. Halafu akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "Miti hii umeikata, au umeichinja?"

Akaweka birika chini.

"Tangu umetoka uzazini nakuangalia," akasema. "Kwanza ulitaka mti uliozaa jana uzae tena leo, gunia lile lile. Ukakataa hata chakula. Mti umekushinda, sasa umekasirika, unakata mpaka pumzi yake. Mke wa mwanangu, wewe katikati hupajui?"

Nikasema, "Mama, Eliamani amesema mbio zimekwisha."

"Eliamani nilimzaa mimi. Nitazungumza naye. Sasa nazungumza na wewe." Akakaa juu ya kisiki kimoja, akamgeuza mtoto, akamlaza mapajani. "Kahawa tukiikata, tumeiacha? Si bado ni yetu? Tunakubali tu kwamba mwaka huu na ujao hatupeleki magunia kwenye mizani. Jirani atapeleka, sisi tutamwangalia. Tutapalilia mti usiotupa kitu. Lakini pumzi hatuikati. Aliyekufundisha kukata mpaka pumzi ni nani?"

Mwanangu, nililia pale shambani kilio ambacho hata msibani sijawahi kulia. Na yeye aliniacha nilie. Hakunibembeleza, alinimiminia chai. Ndivyo walivyokuwa wazee wale. Nilipotulia akaniuliza, "Mtoto akinyonya asubuhi, halafu akalala, analala mpaka lini?"

"Mpaka ng'ombe wamekwisha kupewa majani."

"Basi hapo ndipo penye shina lako. Wewe utakula kwanza. Kisha utakimbia. Mimi nitakaa uani na debe. Akiamka nagonga, ukisikia unarudi. Usiende mahali ambapo hutalisikia."

Nikamwambia kwa kiburi cha ujana, nikifuta kamasi, "Mama, mwalimu anasema mkimbiaji wa kweli lazima afike Usa River na kurudi, la sivyo anajidanganya."

"Mwalimu wako ananyonyesha?"

Nikacheka, ingawa sikutaka. Viatu Eliamani alivitoa chooni kwa mti mrefu wenye kulabu, akitukana kila kitu duniani, na nilivifua siku nyingi mpaka vikakubalika mbele ya watu.

Pale debe linaposikika ndipo pakawa uwanja wangu. Juu mwisho ni kanisani, chini mwisho ni daraja la mfereji. Ukivuka daraja, maji yanapiga kelele, debe halisikiki tena. Basi nilikuwa napanda na kushuka, napanda na kushuka kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Majirani walinicheka mpaka wakachoka. "Mke wa Eliamani anafukuzwa na debe!" Mmoja akaniuliza kama nimerogwa. Nilikuwa naona aibu, acha tu. Msichana aliyekuwa akitajwa mpaka mjini, sasa anazunguka kijijini kwake kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Na debe halikuwa na huruma. Siku nyingine lilipigwa nikiwa ndiyo kwanza nafunga kamba za viatu. Siku nyingine Baraka alikuwa na homa, siku hizo hata viatu sikuvigusa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo gumu kuliko mlima wowote, kurudi bila kununa. Mwanzoni nilikuwa narudi nimekunja uso, namchukua mtoto kama nachukua mzigo wa mtu. Bibi Ndeshi akaniambia mara moja tu, "Mtoto anaijua mikono inayomchukua." Nikajirekebisha. Polepole, si kwa siku moja.

Nilikwenda pia kwa mwalimu wangu, nikamwambia kwa mdomo wangu, "Mwaka huu sipo. Na ujao sijui." Aliniangalia, akasema, "Haya," akamwandikisha msichana mwingine. Usidanganywe na wanaosema hili haliumi. Liliniuma. Yule msichana alikwenda Moshi, akachukuliwa kambini, na habari zake nilizisikia nikiwa nimeshika nepi. Nilijifungia chumbani nikalia tena. Kisha nikatoka, nikapika. Lakini nilipoacha kutaka kambi, kwa mara ya kwanza nikapata kitu cha kutaka ambacho nilikuwa nakifikia. Nilitaka kufika kanisani bila kutembea. Siku nilipofika, nikagusa ukuta wa kanisa kwa kiganja kama ndio utepe, nikashuka natabasamu peke yangu. Mchungaji aliniona akadhani nimepata wokovu.

Na Eliamani je? Loo, huyo alipata zamu yake. Mama yake alimwita siku hiyo hiyo ya msumeno, mbele yangu. Akamuuliza, "Wewe Jumamosi unacheza mpira pale shuleni. Ulipopata mtoto, nani alikuambia mpira umekwisha?"

"Mama, mimi sikuzaa."

"Kumbe huyu mtoto kampata peke yake? Basi ni ajabu ya pili tangu Bethlehemu."

Tangu juma lile, asubuhi ya Jumamosi debe lilikuwa la Eliamani. Weee! Mtoto akipiga chafya tu, ngo ngo ngo ngo! Natimua mbio toka kanisani, moyo uko mdomoni, nafika namkuta kasimama katikati ya ua, "Amejamba." Mara ya tatu mama yake akamnyang'anya kijiti. "Mtoto kulia si moto wa nyumba. Mbembeleze kwanza. Ukishindwa, ndipo ugonge." Akajifunza. Alikuja kuwa baba mzuri kuliko wengi wa rika lake, na nyimbo za kubembeleza alizijua kunishinda mimi. Yule wa ngo ngo ngo ndiye aliyewaogesha mabinti zetu wawili waliofuata.

Maana walifuata, ndiyo. Na kila mmoja alinirudisha ndani ya sauti ya debe, kila mara ndani zaidi. Miaka ile nilikuwa kama nimesimama mahali pamoja. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Visiki vyangu, unauliza? Hukuuliza, lakini nitakuambia. Kuna vilivyochipua kwa shida, machipukizi membamba kama nywele za mgonjwa. Kuna vilivyokauka kabisa, na hivyo Bibi Ndeshi alinifanya niving'oe mwenyewe, mizizi na yote, kazi ya kuvunja mgongo. Mstari wa tatu, ule aliokata yeye na kuacha pumzi, ulijaa. Na machipukizi yalipokomaa, siku moja nilimkuta analikata lile shina la kupumulia lenyewe. Nikashtuka. "Mama, hilo si ndilo lililouokoa mti?" Akasema, "Limefanya kazi yake. Sasa linawanyima jua wenzake." Akalitupia mbuzi.

Nilielewa maana yake binti yetu wa mwisho alipoanza shule. Asubuhi moja ua ulikuwa mtupu, debe liko kimya, nami nimezoea kugeuza kanisani. Nikageuza. Nikashuka. Nikafika darajani, nikasimama pale kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba lakini hajaamini. Kisha nikavuka. Sikusikia kitu isipokuwa maji, na miguu yangu. Neema, nilipofika barabara ya Moshi miguu ilikuwa inanijua. Milima yote ile, kupanda na kushuka huku sikio liko kwa mtoto, ilikuwa imeniwekea akiba ambayo sikuijua.

Nilikwenda Moshi mwaka uliofuata. Sikushinda, usiniangalie hivyo. Mabinti wadogo walinipita kama upepo, na muda niliotumia ungemtia aibu yule msichana wa kwenye picha. Lakini nilimaliza, na sikukaa kwenye mtaro. Medali waliyowapa wote waliomaliza nikaivaa mpaka nyumbani.

Bibi Ndeshi alikuwa kwenye baraza hii hii anachambua maharage. Macho yalikuwa yamekwisha kupungua nuru. Akasikia hatua zangu.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Waliokutangulia wengi?"

"Wengi sana."

"Na hao wamenyonyesha wangapi?"

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Nikamvisha ile medali shingoni. Akaipapasa, akaiuma kidogo kama hela ya zamani, akasema itundikwe jikoni, juu ya debe. Ipo mpaka leo, imepigwa moshi, imekuwa nyeusi ti. Wageni wanadhani ni kifuniko cha kitu. Yeye alituacha mvua za mwaka uliofuata. Mungu amlaze pema. Sikuwahi kumwambia asante inayotosha, na hilo nalisema mbele yako ili ujue kwamba linanisumbua.

Sasa, mwanangu, sikiliza neno lenyewe, maana mdogo ameanza kujigeuza.

Usikimbie mbio za jana na watoto wa leo. Mbio za jana zimekwisha kukimbiwa, na aliyezikimbia alikuwa mtu mwingine, mwenye usingizi wa kutosha. Punguza. Punguza mpaka wenzako wakucheke. Waambie wa klabu kwa mdomo wako kwamba mwaka huu haupo kwenye mashindano, usikae ukisubiri miguu iwaambie kwa niaba yako kando ya mtaro. Hiyo saa ivue, iweke kabatini, haijui uliamka mara ngapi usiku. Kula kabla hujatoka, mtoto anakunywa unachokula. Na kila msimu uliza upya, sasa naweza nini? Watoto wa leo hawatakuwa hawa mwakani.

Lakini pumzi usiikate. Ukigawa hivi viatu leo, utabaki mama mwenye hasira, na watoto watakulipia deni ambalo hawakukopa. Nimewaona wanawake wa namna hiyo, wanawaambia watoto wao wakubwa, "Ningekuwa mtu kama si ninyi." Mtoto ataliweka wapi neno kama hilo? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Acha kitu kidogo kiwe kijani.

Na tafuta mwenye debe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jirani aliyechoka si debe, mwanangu, huyo anakugongea moyoni tu, unakimbia na wasiwasi. Mwambie mumeo, kabla hajatoa pikipiki asubuhi, hata kama ni mara mbili kwa juma, ashike watoto wake. Akisema yeye hakuzaa, mlete kwangu. Jibu la Bibi Ndeshi ninalo, halijaoza. Na Jumapili uje hapa. Mimi magoti yangu sasa ni ya kupandia ngazi za kanisa tu, lakini mkono wa kugonga bado ninao. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema kwa kubeza. Langu acha livume.

Nenda kalichukue jikoni, liko chini ya ile medali. Limetoboka kitako, lakini linalia. Haya, lete hapa, na kijiti kile. Sasa toa viatu kwenye mfuko. Vivae. Ninakuona unafuta macho, futa, hakuna anayekuangalia isipokuwa mimi na kuku.

Mungu wa mama zetu akutie nguvu ya kupunguza na nguvu ya kungoja. Watoto wako wanenepe, wacheke, wakukimbilie kabla hujawakimbilia wewe. Mumeo awe na masikio. Miguu yako isikusahau, na siku utakapovuka, uvuke bila kinyongo na mtu yeyote mdogo. Amina. Sema amina, Neema.

Haya, nenda. Juu mwisho ni kanisani, uguse ukuta. Chini usivuke daraja. Leo bado. Ukisikia debe, unarudi.